Jina Lililonyooshwa

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Njambi aliomba serikali iwe imempuuza.

Hakuomba kwa mdomo. Mdomo wa Mkikuyu mwaka ule wa 1954 ulikuwa wa kulia chakula tu, tena kikipatikana. Aliomba moyoni, tangu alipoteremka basi la kutoka Ruiru na kuwaonyesha askari wa kizuizi pasi yake ya siku moja, mpaka akafika kwenye ile bustani ndogo kando ya barabara kuu, mjini Thika. Ee Ngai, alisema, watu hawa hawajanisikia hata siku moja. Basi wasiwe wamenisikia siku ile.

Bustani yenyewe, ukiwa na haraka unaipita. Ni kipande cha ardhi kisichotosha kulimia viazi vya familia moja, kimezungushiwa seng'enge na maua, na katikati jiwe la kimo cha mtu. Mbele yake barabara haipumui: malori ya mkonge, malori ya mananasi, na tangu hali ya hatari itangazwe, malori ya jeshi yasiyokwisha. Ukitaka kumwombea marehemu wako hapo ni lazima upige kelele. Nani aliyeamua wafu wapumzishwe mahali kama hapo, mimi sijui. Labda mtu ambaye hakutaka wapumzike.

Kwenye jiwe yalichongwa majina ya watu wa wilaya waliokufa katika vita vya Hitla. Juu Wazungu, na vyeo vyao. Katikati Wahindi wawili. Chini kabisa, karibu na nyasi, pale mbwa wa barabarani wanapoinulia mguu, Waafrika wanne. Wa tatu katika hao wanne alikuwa mtoto wa Njambi, na jina lililoandikwa hapo halikuwa lake.

Twende taratibu, maana jambo hili lina kona.

Njambi alikuwa amebakiwa na mwana mmoja, Bedan. Huyu Bedan sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo, jogoo alilinyofoa akiwa mtoto wa kutambaa, na Njambi alizoea kumtania kwamba jogoo alikula nusu ya utii wake. Sasa alikuwa nyuma ya waya, katika kambi ya nje ya mji wa Thika, wiki ya tatu. Kosa lake lilikuwa kaka yake. Mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, aliinamisha kichwa, kumaanisha ni huyu, Bedan alipopitishwa mbele yake, na vitabu vya serikali vikamalizia. Kaka huyo, Kagwe wa Mburu: kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, kiligongwa muhuri mara ya mwisho mwaka 1946. Hajaandikwa kufa. Hayupo nyumbani. Mkikuyu asiyekuwa nyumbani mwaka ule alikuwa mahali pamoja tu, msituni kwa wapiganaji, na ndugu yake ndiye aliyempelekea chakula. Hesabu ikaisha hapo. Bedan angepakiwa kwenye lori la kwenda kambi ya mbali ya Manyani, na waliokwenda Manyani hatukuwaona wakirudi.

Njambi, kwa pasi iliyomfikisha kambini tu, alilia mlangoni kwa afisa wa kambi siku nne. Afisa alikuwa kijana wa Kizungu mwenye mashavu mekundu, hajui hata kunyoa vizuri. Siku ya nne alichoka, akamsikiliza kupitia kwa karani wake, Waweru, aliyekuwa mwana wa jirani kule Ruiru. Njambi akamweleza yote: Kagwe alikufa Burma, tena amevaa sare yenu nyinyi wenyewe, ila alikufa kwa jina la Mkamba.

"Mkamba?" afisa akauliza.

"Jina ni la Mkamba, Bwana, lakini ulimi ni wetu. Limeandikwa kwa herufi ambayo Mkamba hana. Twende ukaone kwenye jiwe."

Afisa akasema kwa Kiswahili chake cha kukatia kuni: "Alhamisi, saa nne. Kama iko R pale, mimi naandika Kagwe amekufa, na Bedan anarudi nyumbani. Kama haiko, lori inaondoka siku ile ile. Basi."

Sasa mambo ya R hiyo.

Mwaka 1941 Kagwe alikuwa akikata mkonge katika shamba moja upande wa Ngoliba, pamoja na kijana wa Kikamba, Kilonzo wa Muthoka. Walikula sufuria moja, walilala chumba kimoja. Wakaja Wazungu wa kuandikisha askari. Wakamba walitakiwa kwa bunduki. Wakikuyu waliambiwa wakachimbe mitaro. Kilonzo alikwisha kuandikwa na chifu wake, naye bunduki hakutaka hata kuisikia. Kagwe aliitaka bunduki, na koti, na viatu, kama mtoto anavyotaka sukari. Vijana wakatazamana. Wakabadilishana vipande. Kipande siku zile kilining'inia shingoni ndani ya kibati chake, hakina picha. Alama za vidole zilikuwepo, ndiyo, lakini mbele ya meza ya jeshi nani alikuwa na nafasi ya kutazama vidole? Walitazama meno na kifua.

"Jina?" karani wa meza akauliza.

"Kironzo wa Muthoka!" Kagwe akajibu, kifua mbele.

Karani, mgeni wa watu, akaandika alichosikia. Maana ulimi wetu sisi Wakikuyu hauijui L. Tunaiona imeandikwa, tunaipenda, lakini ikifika mdomoni inageuka. Na Wakamba nao hawana R hata ya dawa. Mkamba anayejiita Kironzo hajazaliwa bado. Kwa jina hilo Kagwe alikwenda Burma, na kwa jina hilo akafa.

Barua ya kifo ilipelekwa kwa Mbula, mama yake Kilonzo. Mbula alikuwa mtu. Alifunga safari mpaka Ruiru, akaketi jikoni kwa Njambi bila hata kuvua kitenge cha safari, akasema, "Mama Kagwe, wameniletea kifo nyumbani kwangu, lakini ni chako." Wakalia pamoja mpaka moto ukazimika. Wakakubaliana kunyamaza, kwa sababu Kilonzo alikuwa bado anafanya kazi na kipande cha Kagwe, na kudanganya jeshi ni jela. Baadaye Kilonzo alivukia Tanganyika, na tangu hapo kimya.

Mwaka 1951 jiwe likafunuliwa. Mbula, kwa kuwa ndiye mama wa kwenye karatasi, aliitwa akae kwenye kiti mbele. Naye akamshika Njambi mkono, akamketisha karibu yake, akisema ni dada yake. Karani akasoma majina. Alipofika kwa "Kironzo Muthoka", askari wastaafu wa Kikamba waliokuwa wamesimama nyuma na nishani zao waliangua kicheko. "Kironzo! Mkamba wa wapi huyo, ulimi umepinda?" Walicheka mpaka Mzungu mmoja akageuka kuwatazama.

Kicheko kile kilimchoma Njambi moyo. Mtoto amekufa, hana kaburi, hana hata jina lake, na hilo la kuazima nalo linachekwa! Tena aliogopa. Leo wanacheka, kesho mmoja atauliza. Shughuli ilipokwisha alimwendea Nafuna, mwanamke wa kutoka magharibi aliyeajiriwa kufagia bustani na kumwagilia maua, ambaye alisomea misheni na kujua herufi. Nafuna akamwonyesha kosa kwa kidole: hii hapa ni R, ilitakiwa iwe L.

"Waambie wabadilishe," Njambi akasema. "Waandike Kironzo."

"Si ndivyo walivyoandika, mama? Kironzo."

"La! Waandike sawasawa. Kironzo!"

Nafuna akauma midomo asicheke. Mbula ndiye aliyekataa. "Acha, Mama Kagwe," alisema. "Hilo kosa ndiyo sauti yake. Alikuwa akija kwangu anaita kutoka nje, 'Mama Kironzo, kuna uji?' Ukilinyoosha hili jina, umemnyamazisha."

Lakini Njambi alishika lake. Alisumbua, alilia, alisema Mbula anataka mtoto wa mwenzake awe mzaha wa barabarani. Mbula akashindwa. Wakaenda ofisini, na Mbula akabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya maombi. Kisha ikawa kimya, mwaka mmoja, kisha hali ya hatari, na Mkikuyu hakuweza tena kutoka Ruiru kwenda Thika kutazama jiwe. Mbula naye akatangulia, mwaka 1953, kwa homa.

Ndiyo maana nasema Njambi aliomba apuuzwe. Alijipa moyo njia nzima. Serikali hii? Ilipoombwa kisima ilileta kisima? Ilipoombwa shule ilileta shule? Tangu lini ikakimbilia kutimiza neno la wanawake wawili weusi? Haijafanya, alijiambia. Haijafanya.

Alifika saa tatu. Nafuna hakuwepo, ndoo zake hazikuwepo pia, labda alikwenda kuchota maji. Njambi alipiga magoti mbele ya jiwe. Kusoma hakujua, lakini mahali alipajua: wa tatu katika wale wanne wa chini. Akapitisha kidole. Jiwe lilikuwa baridi, na zile herufi zilikuwa mashimo tu, kama nyayo za kuku kwenye matope yaliyokauka. Katikati ya jina kidole kikateleza. Palikuwa laini, palipojazwa kitu. Moyo ukampasuka paa! Kisha akajikemea. Ni ukungu. Ni kinyesi cha ndege. Mvua zimenyesha nyingi, wewe mwanamke, jiwe nalo huzeeka.

Afisa alifika saa nne kamili, na Waweru nyuma yake amebeba kitabu. Gari la jeshi likaachwa kando ya barabara, injini ikinguruma. Waweru alimwamkia Njambi bila kumtazama usoni, kama walivyofanya wote waliofanya kazi na kambi.

"Ni ipi?" afisa akapaza sauti, maana lori la saruji lilikuwa linapita.

"Hii, Bwana. Wa tatu."

"Waweru, soma."

Waweru akainama, akafuata mstari kwa kidole, midomo ikicheza. Kisha akasimama wima akasoma kwa sauti ya shule:

"Kironzo Muthoka, efendi."

Ũũi! Njambi alijishika mbavu kwa mikono miwili. Machozi yalitoka kabla hajayaita. "Umesikia, Bwana! Umesikia kwa masikio yako! Kironzo! Ni Kagwe huyo, ni yeye, ndivyo alivyosema!" Akamgeukia Waweru akamshika mkono, akambariki yeye na mama yake, na kwa dakika moja ile Bedan alikuwa ameshafika nyumbani, ameketi jikoni, anadai kiazi cha pili.

Afisa alimpita Njambi. Alivua kofia, akachuchumaa mpaka pua ikakaribia jiwe.

"Waweru. Soma tena."

"Kironzo, efendi."

"Hii herufi ya tatu. Inaitwa nini?"

"Ni eru, efendi."

"L?"

"Ndiyo, efendi. Eru."

Afisa alitaka kucheka, nadhani, kisha akaona uso wa Njambi na kicheko kikamfia. "Mama," alisema, "hapa hakuna R."

"Si amesoma? Bwana, si umemsikia akisoma?"

"Yeye amesoma na ulimi yake. Mimi nasoma na macho yangu. Hii ni L. Kilonzo. Jina ya Mkamba, sawasawa kabisa."

Njambi alimtazama Waweru, na Waweru akatazama viatu vyake. Mtu asiyejua L ni nini atabishana vipi kuhusu L? Kwa masikio yake yeye lilikuwa jina lile lile. Ndipo Nafuna alipotokea langoni, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, na alipomwona Njambi alizitua zote akaja mbio, uso mzima kicheko. Maskini, alikuwa na habari njema, na alikuwa ameitunza mwaka mzima.

"Mama wa Ruiru! Umekuja! Umeona sasa? Waliitengeneza! Fundi alikuja mwaka jana mwezi wa tatu, akaziba ile R kwa saruji, akachonga L juu yake, safi, huwezi kujua. Nikasema, yule mama akija atafurahi!"

Nafuna aliwatazama mmoja mmoja, na kile kicheko kikabaki usoni bila mwenyewe.

"Ilikuwa R?" afisa akamgeukia upesi, na Njambi akaona mwanga mdogo tena. "Wewe uliona R?"

"Niliona, Bwana. Lilikuwa kosa tu la kuandika. Mama yake mwenyewe alithibitisha ofisini. Aliweka dole gumba kwamba ni mwanawe wa kumzaa, Mkamba, na jina lake ni Kilonzo."

"Mama yake nani?"

"Mbula, Bwana. Mama Kilonzo."

Afisa akamwuliza Njambi huyo Mbula yuko wapi. Njambi akasema amekufa. Kilonzo mwenyewe? Tanganyika, akiwa hai. Mahali gani Tanganyika? Hajui. Na huyo mama, kwa nini aweke dole gumba kwenye uongo? Njambi atasema nini? Kwamba ni yeye aliyemlilia mwenzake siku tatu? Kwamba aliona haya watu wakimcheka mtoto wake aliyekufa? Alisema hivyo hivyo, yote, kwa Kikuyu, mbio mbio, na Waweru akatafsiri nusu tu, maana malori matatu ya jeshi yalikuwa yanapita na afisa alikuwa anatazama saa.

"Waweru, mwanangu, mwambie vizuri."

"Nimwambie nini, Nyina wa Kagwe? Karatasi imeshasema, na jiwe limeshasema."

Afisa akaandika mstari mmoja kitabuni. "Pole, mama," alisema, na ninaamini aliona haya kidogo, lakini haya ya Mzungu haifungui kufuli. Akamwambia arudi Ruiru kabla ya saa kumi na mbili, pasi yake isije ikaisha njiani. Mlango wa gari ukafungwa.

Njambi alikaa chini kwenye nyasi. Nafuna naye akakaa.

"Ni mimi nimeharibu," Nafuna akasema. "Mdomo wangu."

"Si wewe. Wewe ulisema kweli." Njambi aliongea polepole, kama anayehesabu. "Mbula aliniambia. Aliniambia kabisa. Mimi nilimnyamazisha mwanangu kwa mkono wangu, na sasa nimempeleka na mdogo wake."

Jua likapanda. Barabara ikazidi. Nafuna alimletea maji kwenye kopo, hakunywa. Ilipofika kama saa saba akauliza, "R ikoje?"

"Mama?"

"Hiyo R. Nionyeshe ilivyo."

Nafuna akachora kwenye vumbi kwa kijiti. "Hii ni fimbo imesimama. Hapa juu unaipa kichwa. Kisha unaitolea mguu mmoja, mbele, kama mtu anayetaka kwenda."

Njambi akaichora kwa kidole chake. Ikatoka imelala. Akachora tena, na tena, mpaka Nafuna akasema ndiyo. Kisha akainuka, akang'oa msumari uliolegea kwenye nguzo ya seng'enge, akapiga magoti mbele ya jiwe akaanza kukwaruza.

"Mama, wataniachisha kazi!"

"Sema umenikuta nikifanya."

Hakuwa na nia ya kumdanganya afisa. Mambo ya afisa yalikuwa yamekwisha. Alitaka sauti ile irudi mahali ilipokuwa. Nafuna alizunguka na ndoo yake, mara hapa mara pale, kisha akaenda akasimama langoni kumlindia. Saruji ya fundi ilikuwa laini kuliko jiwe. Kichwa cha R kikatokea, kimepinda, lakini kichwa. Njambi aliipa barabara mgongo. Malori yalipita kama yalivyopita siku zote, na mngurumo ulikuwa mmoja, na msumari ulimkata kiganja naye akaendelea. Alikuwa amefika kwenye mguu.

"Maitu!"

Hivyo ndivyo tunavyowaita mama zetu. Njambi akageuka. Lori lilikuwa limeshapita. Alichoona ni mgongo wa lori, waya wa matundu, na vidole vingi vimeshika waya, kisha vumbi, kisha lori la mananasi. Akasimama. Alijiambia lile lilikuwa lori lolote. Kila Mkikuyu ana maitu, na wangapi walikuwa wakipitishwa barabara ile kila siku?

Nafuna alikuwa amesimama langoni, mkono mdomoni.

"Nafuna. Umewaona?"

"Nimewaona."

"Aliyeita, umemwona?"

Nafuna hakutaka kusema, lakini alikuwa mtu wa kusema kweli, na siku ile ukweli wake ulikuwa haujaisha. "Mmoja alikuwa amesimama nyuma kabisa, mama. Sikio lake la kushoto lina pengo. Alikuona tangu kule kwenye kona. Ameita mara tatu. Hiyo uliyosikia ndiyo ya tatu."

Njambi alitazama barabara, kisha akatazama mkono wake. Msumari ulikuwa bado umo ndani yake, na R haikuwa na mguu.